Mbwa Yule Ana Mwenyewe

Juma hili tuzungumze habari ya mbwa. Si yule alalaye mlangoni pako mchana huku kuku wakimpita, bali wale wazungukao usiku kwa makundi, wanne, sita, hata kumi, ambao mama akiwataja humtazama mtoto wake.

Katika jiji la Dar es Salaam, wilaya ya Ilala, iko kata iitwayo Kiwalani, si mbali na uwanja wa ndege. Jirani yake ni Vingunguti, penye machinjio makubwa. Nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na takataka hazikosi pembeni. Penye machinjio pana mifupa, na penye mifupa pana mbwa. Mtu atokaye alfajiri kuwahi basi la kwanza hushika fimbo au jiwe mkononi. Mtoto aendaye shule kabla jua halijachomoza huambiwa asipite peke yake.

Nanyi mlio vijijini msiseme, "Hayo ni ya mjini." Kwenu pia mbwa hukutana penye bucha siku ya gulio, hukutana jalalani, na usiku huingia zizini wakararua mbuzi. Tena ninyi mnaye na mbweha, ajaye kuiba kuku na wana-mbuzi. Iko na tofauti nyingine, nayo ni kubwa: mtu wa Kiwalani akiumwa na mbwa, hospitali haiko mbali. Mtu wa kijijini huenda akatembea nusu siku, akapanda gari, na huko afikako akaambiwa dawa hakuna, aende mbele. Kwa hiyo habari hii yawahusu ninyi kuliko wa mjini.

Twaogopa meno ya mbwa, na ni haki kuyaogopa. Lakini jeraha la meno hupona. Kitu cha kuogopa zaidi ni mate. Ndani ya mate ya mbwa mgonjwa mna vidudu vidogo mno, waganga huviita virusi, na ugonjwa wake twauita kichaa cha mbwa. Vidudu hivyo huingia penye jeraha, hata mkwaruzo mdogo, kisha hupanda polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja mpaka mitatu. Huweza kuwa siku chache, huweza kupita mwaka. Katika muda huo mtu ni mzima kabisa, alima, acheka, ala. Ndiyo maana wengi husahau. Vidudu vikifika katika ubongo, mgonjwa huanza kuwashwa mahali alipoumwa, hupata homa na wasiwasi, na akiletewa maji koo lake hukaza, ayaogopa. Saa hiyo, ndugu zangu, dawa za hospitali hazifui dafu tena, wala za kienyeji. Karibu wote wafikao hapo hufa.

Wataalamu wa dunia hukadiria kwamba watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na karibu wote kwa sababu ya mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, uso wake uko karibu na mdomo wa mbwa, na jeraha la uso halina safari ndefu ya kufika kwenye ubongo.

Sasa tuulize: mbwa wale wa usiku ni wa nani? Mara nyingi utasikia maneno kama haya:

"Jirani, mbwa huyu mwekundu ni wako?"

"Hapana, Baba Maria. Hula hapa tu."

"Na usiku hulala wapi?"

"Hulala hapa pia. Lakini si wangu."

Mbwa hula hapa, hulala hapa, huwabwekea wageni wa hapa, watoto wa hapa wamempa jina. Lakini siku ya kulipa hasara au kumpeleka kwenye chanjo, hana mwenyewe! Wataalamu waliohesabu mbwa katika Tanzania wameona kwamba wengi sana wa hao tuwaitao mbwa koko wana nyumba zao. Hawakuzaliwa porini. Jioni hufunguliwa wakatafute chakula wenyewe, hukutana na wenzao, na kundi likawa kundi. Asubuhi kila mmoja hurudi kwake, alala mlangoni, na mwenye nyumba hajui alikuwa wapi wala ameuma nani.

Wako wasemao, "Basi wauawe wote, yaishe." Neno hili si geni. Katika kisiwa cha Flores, nchi ya Indonesia, kichaa cha mbwa kiliingia mwaka 1997 pamoja na mbwa walioletwa kwa chombo cha baharini. Kuanzia 1998 wakuu wa huko wakaamuru mbwa wauawe, na waliuawa wengi mno. Miaka ikapita, mbwa wakafa, kichaa kikabaki. Kwa nini? Kwa sababu mwenye mbwa ampendaye humficha au humpeleka kijiji kingine, na kama ni mgonjwa apeleka na ugonjwa. Na aliyeuawa mbwa wake hutafuta mtoto wa mbwa mwingine, maana nyumba haikai bila mlinzi. Mtoto huyo hana kinga yo yote. Basi mbwa mwenye chanjo ameuawa, na mahali pake ameingia asiye na chanjo. Hapo tumejenga au tumebomoa?

Dawa iliyokwisha kujaribiwa ikafaa ni chanjo. Katika kila mbwa 100 wa mahali, wakichanjwa 70, na ikafanywa hivyo kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita kutoka mbwa hadi mbwa, ukafa wenyewe.

Lakini mtu wa kijijini atauliza, "Na mbweha je? Nani atamfunga kamba mbweha ampeleke kwa bwana mifugo?" Swali ni jema, tena lina jibu kutoka hapa hapa kwetu. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, kati ya Januari 2011 na Julai 2019, wataalamu walifuata nyayo za kila mnyama aliyedhaniwa kuwa na kichaa, wakienda nyumba kwa nyumba. Waliwapata watu 688 waliopatwa na hatari hiyo, na kati yao 47 walikufa. Mbwa waliwapata watu 389. Mbweha waliwapata watu 262. Mbweha si mchezo! Lakini sikilizeni na hili: katika miaka ile ya kwanza mbwa wa nyumbani walichanjwa kila mwaka, wala hakuna aliyemchanja mbweha. Hata hivyo ugonjwa ulipungua kwa mbwa, ukapungua kwa mbweha pia, na watu walioumwa wakapungua. Maana mbwa wa kwetu ndiye alisheye moto ule. Ukiondoa kuni mekoni, hata moshi wa nje hupungua.

Wamarekani nao waliyaona hayo kwa njia yao. Kwao yuko mnyama wa porini aitwaye koyoti, jamaa ya mbwa na mbweha, ambaye siku hizi huingia hata katika miji mikubwa kama Chicago. Mwaka 1988, kusini mwa jimbo la Texas, kichaa cha mbwa kiliingia kwa koyoti kikaenea. Tangu 1995 ndege zilidondosha porini vipande vya chambo vyenye chanjo ndani, koyoti wakala, wakakingwa. Na nyumbani mbwa walikuwa wakichanjwa kwa sheria. Mwaka 2007 nchi ile ilitangaza kwamba kichaa cha kuambukizana mbwa kwa mbwa kimekwisha kwake, ingawa wanyama wengine wa porini wangali na vichaa vyao. Sisi hatuna ndege za kutupa chambo, lakini habari za Lindi na Mtwara zaonyesha kwamba kamba ya mkonge na mbwa wako mwenyewe zafanya kazi kubwa.

Ushuhuda wa tatu ni wa Pemba. Kisiwani huko chanjo ya mbwa ilifanywa kwa bidii, na kufikia Mei 2014 kichaa kilikuwa kimekwisha kabisa. Watu wakafurahi, na baada ya kufurahi wakalegea, chanjo ikaachwa. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa uliingia tena kutoka nje, mara mbili, ukakuta mbwa wasio na kinga, ukawaka. Ikabidi kurudia kazi ya kuchanja kisiwa kizima, na Oktoba 2018 ukakomeshwa tena. Fundisho ni jepesi: chanjo ya mwaka juzi haimlindi mtoto wa mbwa aliyezaliwa mwaka huu.

Zamani za Wazungu hali ilikuwa mbaya kuliko yetu. Wakristo wa Ubelgiji na Ufaransa walioumwa na mbwa mwenye kichaa walikimbilia maombezi ya Mtakatifu Huberto, ambaye sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba, na kilikuwako chuma kilichoitwa ufunguo wa Mtakatifu Huberto, kikatiwa motoni na kuchomea jeraha. Waliomba, lakini pia walijua kwamba jeraha la namna hiyo halingojei kesho. Kisha Julai 1885, mjini Paris, mtaalamu Louis Pasteur aliagiza adungwe chanjo mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa vibaya na mbwa. Mtoto akapona. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na ndiyo sababu tarehe hiyo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tangu Pasteur hakuna tena haja ya chuma cha moto. Iko sindano, mradi uiwahi.

Sasa tuje kwenye mambo ya kufanya.

Kwanza, mbwa wako. Siku bwana mifugo akitangaza chanjo, mpeleke mwenyewe, mtu mzima, kwa kamba imara. Usimwachie kazi hiyo mtoto mdogo, maana mbwa wakikutana wengi hupigana. Peleka na watoto wa mbwa, hata waliozaliwa juzi. Wengi huwaacha nyumbani wakidhani ni wachanga mno. Si kweli, nao hupokea kinga, na ndio wachezao na watoto wetu zaidi. Tunza cheti. Na yule mbwa alaye nyumba tatu, hizo nyumba tatu zikae zipatane nani atampeleka mwaka huu na nani mwaka kesho. Kama chanjo haijafika kijijini kwenu mwaka mzima, wanaume na wanawake mwambieni mwenyekiti katika mkutano wa kijiji, aulize wilayani. Mkikaa kimya, huko juu wataona hamna shida.

Pili, chakula na uzio. Kundi hufuata jalala. Mifupa, matumbo ya kuku na mzoga wa mbuzi vizikwe, visitupwe nyuma ya nyumba. Mbwa wako apate makombo yake jioni nyumbani. Mbwa mwenye njaa ndiye mzururaji. Banda la kuku liwe imara mpaka chini, na mlango ufungwe kabla ya giza, maana mbweha hupenda kuchimba. Kwa kawaida mbweha humkimbia mtu. Mbweha ajaye uani mchana, asiyeogopa kelele, anayemwendea mtu au mbwa bila sababu, huyo usimwite shujaa wala usimfanyie mzaha. Waite watoto ndani, umwarifu bwana mifugo.

Vivyo hivyo kwa mbwa aliyebadilika: mpole amekuwa mkali, auma miti na mawe, atokwa mate, sauti imekauka. Na yuko mwingine wa hatari kwa upole wake: amejikunyata, taya limelegea, hawezi kumeza. Mwenye nyumba hudhani amekwamwa na mfupa, atia mkono kinywani autoe. Msifanye hivyo kamwe!

Tatu, ukikutana na kundi njiani. Usikimbie. Mbwa hufuata kikimbiacho. Simama, usiwakazie macho, rudi nyuma polepole ukiwaelekea, mpaka ufike penye ukuta, mti au nyumba. Ukiwa na kikapu au fimbo, viwe kati yako na wao. Mtoto afundishwe kusimama kama mti, mikono kifuani, bila kupiga kelele. Akiangushwa, ajikunje kama jiwe, afunike shingo na masikio kwa mikono. Pia asimguse mbwa alaye, wala mwenye watoto, wala aliyefungwa ambaye hamjui. Mafunzo haya yachezwe nyumbani kama mchezo, watoto watayakumbuka.

Nne, na hili ndilo kubwa: mtu akiumwa, au akikwaruzwa, au mate ya mbwa yakiingia penye kidonda. Palepale, oshe jeraha kwa sabuni na maji mengi yapitayo, kwa dakika 15. Si dakika moja! Dakika 15 ni muda mrefu mtoto akilia. Wengine wamwagie maji, mwingine amshike. Sabuni ya kufulia yafaa. Kisha kama iko iodini au spiriti, pakeni. Msipake majivu, wala tumbaku, wala pilipili, wala mafuta ya taa, wala manyoya ya mbwa yule. Kisha siku ile ile nendeni zahanati au hospitali mkaulize sindano za kichaa cha mbwa. Zahanati isipokuwa nazo, iseme wapi ziko, nanyi mwende. Sindano hazimaliziki kwa siku moja. Mgonjwa hurudi kwa tarehe zilizoandikwa katika kadi yake. Anayeacha katikati kwa kuwa jeraha limekauka, amemfungulia adui mlango wa nyuma.

Najua gharama. Nauli na sindano kwa pamoja huweza kumaliza akiba ya nyumba. Wako waliouza mbuzi au gunia la mahindi. Hapo ndipo jumuiya na majirani waonekane, wachange mapema, si siku ya sanda. Na ndipo kila mtu apime: chanjo ya mbwa mmoja ni rahisi mara nyingi kuliko sindano za mtu mmoja.

Mbwa aliyeuma, kama yawezekana kumfunga bila hatari, asiuawe papo hapo. Afungwe atazamwe siku 10. Akiwa mzima mpaka mwisho wa siku hizo, hakuwa na kichaa siku alipouma, na mganga atajua la kufanya na sindano zilizobaki. Lakini aliyeumwa asingoje siku hizo 10 nyumbani. Aanze sindano, huku mbwa akitazamwa. Mbwa akifa, msimguse kwa mikono mitupu wala msimtupe. Bwana mifugo aarifiwe, maana ubongo wake hupimwa. Ng'ombe au mbuzi aliyeshikwa na kichaa asichinjwe, na maziwa yake yasinywewe.

Nimeacha neno moja la mwisho kwa wazazi. Mtoto huumwa mahali alipokatazwa kwenda: jalalani, bucha, shamba la jirani. Akifikiri kwamba atapigwa kwa kwenda huko, atashusha suruali au gauni afunike mkwaruzo, na hatasema. Atakaa mezani pamoja nanyi, atasali pamoja nanyi, atalala. Na muda wa sindano utapita. Miezi miwili baadaye ataomba maji, na koo litakataa. Basi tangazeni leo nyumbani mwenu, baba na mama kwa sauti moja, ya kuwa mtoto atakayesema ameumwa au amekwaruzwa na mbwa hatapigwa, hata kama alikuwa mahali pasipofaa. Adhabu ya kwenda jalalani yaweza kusamehewa. Mkwaruzo uliofichwa hausamehewi.

Na usiku huu, yule mbwa asiye na mwenyewe akija mlangoni kutaka mfupa wake, msimfukuze kabla hamjaulizana: mwaka huu amechanjwa, au hakuchanjwa? Kama mnajua jina lake na hamna cheti chake, kazi ya kesho mmekwisha kuipata.